Cruiser 79 yenye tairi 35 na tela la tani 2: nivalishe difu ya ngapi?

*"Habari mtaalamu. Nina Land Cruiser 79 pikapu ya 2008, injini 1HZ haina turbo, gia tano manyuo. Mwaka jana niliitoa tairi za 7.50R16 nikaweka 315/75R16. Kazi yangu ni kambi za wageni, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili navuta tela la vifaa kutoka Dar mpaka upande wa Ruaha, tela nakadiria tani 1.8 na pikapu nayo inakuwa imejaa. Tangu niweke hizi tairi Kitonga imekuwa mateso, inapanda mpaka geji ya joto inaanza kupanda nayo, na gia ya tano hata pale Chalinze kwenye tambarare haishiki. Fundi mmoja anasema niweke difu ya 4.88, mwingine anasema niweke ya Cruiser V8 maana ile ndio inakimbia, wa tatu anasema achana na difu funga turbo. Nimeambiwa yangu ni 4.1 lakini sijahakikisha. Na kama nikibadili, naweza kubadili ya nyuma tu? Ya mbele naitumia mara chache sana na hela haitoshi. Asante."*

Mkuu salama, na pole na Kitonga, ule mlima mkali wa kupandia Iringa. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ndani yake kuna maswali kama manne, na moja hukuliuliza ila ndio kubwa kuliko yote, nitalifikia.

Kwanza tukubaliane lugha maana hapa ndipo watu wanapotezana gereji. Kuna fundi akisema "difu kubwa" anamaanisha namba kubwa, mwingine anamaanisha ile inayokimbia, ambayo namba yake ni ndogo, basi mnaagiza kitu mkipata mnaanza kulaumiana. Achana na kubwa na ndogo, taja namba. 4.10 maana yake ni kwamba propela shafti inazunguka mara 4.1 ndio tairi inazunguka mara moja. Namba inatoka kwenye meno, krauni, ile gia kubwa ndani ya difu, ina meno 41 na pinioni, ile ndogo inayoizungusha, ina 10, gawanya unapata 4.1. Ile 4.56 ni 41 kwa 9, 4.88 ni 39 kwa 8, na hiyo ya V8 ni 43 kwa 11, yaani 3.9. Namba ikipanda injini inazunguka zaidi kwa kila mita unayoenda, na msukumo unaofika kwenye tairi unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Namba ikishuka ni kinyume chake.

Sasa hapo kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu analo, kwamba difu inaongeza nguvu ya gari. Haiongezi. 1HZ yako inatoa farasi kama 130 na utabaki nao hao hao hata ukiweka difu ya dhahabu. Ni kama kunyanyua gunia kwa kamba na puli, kilo za gunia hazipungui ila unavuta kamba ndefu zaidi kwa nguvu kidogo. Difu inachofanya ni kuamua injini iwe kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) ipi ukiwa kwenye spidi fulani, basi. Na 1HZ ina sehemu yake inayopenda, torque yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ya juu kabisa ni kama Nm 285 na inaipata kwenye RPM kama 2,200. Ukiiweka pale inavuta vizuri, ukiishusha 1,600 huku umekanyaga mpaka chini inalia, inatoa moshi, na inachemka.

Hebu tuangalie tairi zimekufanyia nini. 7.50R16 urefu wake ukisimama ni kama sentimita 80.6, ni karibu sawa sawa na 235/85R16. Hiyo 315/75R16 uliyoweka, ndio ile wanaiita tairi 35 kwa inchi, ni sentimita 87.9. Ongezeko ni kama asilimia 9, na asilimia 9 hiyo inakatwa moja kwa moja kwenye difu. Chukua 4.10 gawa kwa 1.09 unapata 3.76. Yaani mkuu, kwa macho ya injini gari yako sasa hivi ina difu ya 3.76. Yule fundi anayetaka akuwekee difu ya V8 ya 3.9, wewe tayari umeshaipita hata hiyo ya V8 kwenda chini bila kufungua bolti hata moja! Na V8 ile ya dizeli ya Cruiser 79 ina turbo, torque yake ni Nm 430 kuanzia RPM 1,200 tu, ndio maana inaweza kubeba difu ya 3.9 na bado ikapanda. Wewe una 285. Ukiweka ile na tairi hizo utakuwa na kitu kama 3.58, hapo hata tano utaisahau kabisa labda ukiteremka. Hiyo shauri ifute.

Na ndio sababu tano haishiki pale Chalinze. Kwa tairi za zamani ukiwa spidi 80 gia ya tano injini ilikuwa kwenye RPM kama 1,960, ya nne 2,230. Kwa tairi hizi tano imeshuka mpaka kama 1,800 na nne 2,040. Unaweza kusema tofauti ni ndogo, lakini iko upande mbaya, umeondoka karibu na pale injini inapopenda umerudi nyuma, na umerudi nyuma ukiwa na tela.

Halafu kuna kitu hujakigusa lakini najua kitakuja, utasema gari inakula mafuta sana tangu uweke tairi. Kweli inakula, ila sio kama unavyodhani. Spidomita yako inasoma kutoka kwenye transfa, lile boksi linalogawa mzunguko mbele na nyuma, haijui kama tairi imekua. Ikikuandikia umetembea kilomita 100 ujue ni 109, na ikikuandikia 80 uko 87. Kwa hiyo ukigawa mafuta kwa kilomita za dashibodi unajidanganya kwa asilimia 9. Pima kwa GPS ya simu safari moja uone.

Tupande sasa Kitonga kwa hesabu. Nachukulia pikapu na mzigo tani 3, tela 1.8, jumla 4.8. Mlima wenye mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 6, spidi 50. Ukijumlisha mlima, msuguano wa tairi na upepo, gari linahitaji kusukumwa kwa nguvu kama ya kilo 383. Sasa gia ya tatu, ambayo kwa boksi yako ni kama 1.5, tairi ikiwa ile ya zamani na difu 4.10, ukitoa kinachopotea njiani kwenye gia na difu unapata kilo kama 386. Inatosha kwa kubanana sana, ndio maana zamani ulikuwa unapanda na tatu ukisikia inahema. Kwa tairi hizi mpya na difu ile ile inabaki 354. Haitoshi! Spidi inashuka, RPM inashuka, unashindana nayo mpaka unaingia mbili. Ukiweka 4.56 na hizi tairi unapata 393, ukiweka 4.88 unapata 421.

Mpaka hapo mtu yeyote atakwambia weka 4.56 uende zako, na hesabu ya kitabuni pia inasema hivyo, 4.10 zidisha 1.09 ni 4.47, iliyo karibu ambayo inauzwa ni 4.56. Ila hizo kilo nilizokupa ni za usawa wa bahari. Wewe hupandi mlima Kigamboni. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000 kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, na Iringa mjini ni kama mita 1,500 na zaidi. Kwa hiyo ukiwa juu kule toa asilimia 10 mpaka 15 kwenye kila namba. Ile 393 ya 4.56 inakuwa 354 kwenye mita 1,000, tumerudi pale pale! Na 4.88 inakuwa kama 379, ndio inakaribia kutosha. Kwa hiyo fundi wako wa kwanza hakukosea sana, sijui kama alipiga hesabu au ni uzoefu wa mikono lakini alichosema kina mantiki. Kuweka 4.56 kwenye tairi hizi kunakurudisha kwenye hali ya kiwandani tu, na hali ya kiwandani Toyota hawakuwaza tani 4.8 kwenye mlima wa Iringa kwa 1HZ kavu.

Na niwe mkweli kwenye hili, sehemu zenye mwinuko wa asilimia 8 na kuendelea, kwa mzigo huo, unapanda na gia ya pili. Hata kwa 4.88 tatu haitoshi, inahitajika karibu kilo 480 na 4.88 inatoa 421 kabla hujatoa za mwinuko wa juu. Mbili inatosha hata kwa difu uliyonayo. Sasa watu wanaona aibu kuingia mbili, malori yanakupita, unaona gari imechoka, unang'ang'ania tatu RPM 1,500 mguu umezama. Hapo ndipo geji inapopanda. Feni na pampu ya maji zote zinazungushwa na injini, injini ikizunguka polepole maji yanazunguka polepole na upepo wa feni unapungua, wakati huo huo dizeli unayochoma ni nyingi kuliko wakati wowote. Mbili kwenye RPM 2,400 ina kelele lakini inapoa. Jaribu safari ijayo kabla hujatumia hata shilingi, ingia mbili mapema kabla spidi haijaanguka, halafu angalia geji. Najua kuna watu watatu nimewaambia hivi na wawili wameacha kuchemka, na hawakubadili difu.

Nusu ya swali ambayo hukuuliza sasa. Hizo tairi unazihitaji? Nauliza bila kejeli. Naelewa zinapendeza, na gari ikisimama juu hata mgeni anajua amekuja porini kweli. Ila njia yako ni zaidi ya kilomita 600 na sehemu kubwa ni lami, halafu vumbi, halafu mchanga wa mito kule ndani. Kwenye mchanga kinachokutoa ni upepo kuliko urefu wa tairi. 235/85R16 ukiishusha upepo mpaka PSI 20 inalala ndefu chini na inapita mchanga vizuri tu, ndio tairi zilizobeba hizi Cruiser miaka yote, kumbuka tu kurudisha upepo kabla hujarudi kwenye lami na tela. Tairi 35 ni nzito, kila moja inahitaji nguvu zaidi kuanza na nguvu zaidi kusimama, na breki zako ni zile zile, tairi ikikua asilimia 9 breki inapoteza karibu asilimia 8 ya uwezo wake. Na ukiteremka Kitonga kuja Dar, difu ya 3.76 haishikilii gari kama 4.10, unabaki na pedali.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningeuza hizo tairi, zina soko. Ningerudi kwenye 7.50 au 235/85, na hapo peke yake umerudisha asilimia 9 bure, ukabaki na chenji juu. Ningeendesha hivyo safari mbili. Kama bado haitoshi, na kwa Iringa nadhani utaona bado haitoshi sana, hela ya difu ningeitia kwenye 4.56 na tairi hizo ndogo. Hiyo ndio nzuri kuliko zote kwa kazi yako, inakupa kilo 429 gia ya tatu, ukitoa asilimia 10 za mwinuko bado una 386. Spidi 80 gia ya tano unakuwa kama RPM 2,180, yaani tano sasa inakuwa gia ya kweli sio pambo, na nne uko 2,480.

Kama tairi 35 huziachi kwa sababu zako, basi kati ya 4.56 na 4.88 inategemea siku bila tela unafanyaje. Kwa 4.88 ukiwa spidi 100 gia ya tano injini inakuwa kama 2,670, haiui 1HZ hata kidogo, ila kelele kwenye kebini utaisikia siku nzima na mafuta kidogo utalipa. Kwa 4.56 spidi hiyo ni kama 2,500. Halafu pinioni ya 4.88 ina meno 8 tu, ni nyembamba kuliko ya meno 10, na difu ya mbele ya 79 yenyewe ni ndogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo ukiwa na tabia ya kukanyaga huku umefunga foo-wili na tairi imebanwa kwenye mawe, 4.88 mbele ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukatika. Wewe unavuta tela kila wiki mbili na njia yako inapanda juu, ningekuelewa kabisa ukienda 4.88. Kama tela lingekuwa mara tatu kwa mwaka ningesema 4.56 bila kufikiri.

Kuhusu kubadili ya nyuma tu. Hapana. Hapana tena. Nyuma ikiwa 4.56 na mbele 4.10, mradi uko tuu-wili na habu za mbele umefungua gari itaenda vizuri na utaniona mimi muongo. Siku utakayozama kwenye mchanga, ukafunga habu ukavuta foo-wili, transfa inazungusha propela zote mbili sawa sawa, hapo tairi za mbele zinataka kwenda mbio kuliko za nyuma kwa asilimia 11, kila mita 10 za nyuma mbele inataka 11. Kwenye tope laini tairi itateleza ikusamehe. Kwenye ardhi inayoshika kitu kitajikunja mpaka kipasuke, na kinachopasuka huwezi kukichagua. Niliwahi kuletewa pikapu iliyobadilishwa nyuma tu, mwenyewe aliinunua hivyo hajui, alikuja kulalamika gari inakuwa nzito kwenye foo-wili. Tulipofungua transfa ilikuwa imekwisha, lawama zilikuwa nyingi na aliyemuuzia simu haipokelewi. Kwa hiyo kama hela inatosha difu moja basi haitoshi, subiri. Au, narudia, tairi ndogo hazihitaji difu yoyote.

Na ukinunua usidhani krauni ya nyuma inaingia mbele. Kwenye 79 ya kwako pinioni ya mbele imekaa juu na meno yake yamekatwa kwa kuelekea upande mwingine, ni vitu viwili tofauti japo namba ni moja. Mwambie muuzaji wazi, mbele na nyuma. Ukienda spea za mtumba, krauni na pinioni zinakuwa zimesagwa pamoja kiwandani kama mke na mume, huwa kuna namba imechorwa kwenye zote mbili, zisipofanana usichukue hata akikupa bure.

Turbo sasa. Turbo ndio pekee kati ya mashauri yote matatu inayoongeza nguvu kweli, na inarudisha pia ile unayopoteza kwa mwinuko, hilo siwezi kulikataa. Lakini 1HZ haikuzaliwa na turbo. Ukiifunga bila kupima joto la moshi, bila kurekebisha pampu, ukapanda Kitonga dakika 15 mfululizo na tani 4.8, hedi inaweza kupasuka na pistoni zikayeyuka. Ikifungwa kwa mgandamizo mdogo, na geji ya joto la moshi kwenye dashibodi, na dereva anayeiangalia hiyo geji, inafanya kazi. Je dereva ni wewe au ni kijana? Kama ni kijana usifunge. Na hata ukifunga, tairi 35 na 4.10 bado zitakufanya uanze safari kwa kuchoma klachi kila ukisimama mlimani na tela, hilo turbo haisaidii maana kwenye RPM 1,000 turbo imelala.

Kabla ya yote hayo hakikisha namba yako. Hapo juu kila kitu nimepiga kwa 4.10, lakini 79 za 1HZ nimeziona pia na 4.3, ikiwa ni hiyo basi upande wa difu hali sio mbaya kama nilivyosema, na huenda kuna kitu kingine kinakula nguvu. Kuna kibati ndani ya boneti kina herufi na namba za ekseli, muuzaji wa spea anayejua kazi anaisoma. Ila kibati hakijui kama mwenye gari wa zamani alibadili, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Weka gari mahali tambarare, zuia tairi za mbele kwa vigogo, nyanyua tairi moja tu ya nyuma uiweke kwenye stendi, usiache kwenye jeki peke yake, gia nyuturo, hendibreki chini. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 kamili, mwenzako awe anahesabu propela. Kwa sababu tairi moja iko chini, mizunguko miwili ya hii iliyo juu ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni, kwa hiyo 20 ni 10. Propela ikizunguka 41 una 4.1, ikizunguka 43 una 4.3. Kama gari ina loki ya difu au tairi inagoma kuzunguka, nyanyua zote mbili na hapo unazungusha mara 10.

Na pima tela. "Nakadiria tani 1.8" mkuu, sijawahi kuona tela la kambi ambalo mwenyewe alikadiria likawa jepesi kuliko alivyosema. Matanki ya maji, jenereta, mahema ya turubai yakilowa... Pita nalo kwenye mzani wowote wa mazao au wa vyuma chakavu, bei ni ndogo. Kila kilo 100 unazotoa ni kama kilo 8 za kusukuma kwenye ule mlima, ukitoa 300 ni 24, karibu ile tofauti ya 4.56 na 4.88. Na kama tela la uzito huo halina breki zake, simamisha hii habari ya difu, anza na breki. Kupanda polepole hakujaua mtu.

Ziko dalili ambazo usikae unasubiri majibu yangu, peleka gari kwa fundi wa kuiona kwa macho. Geji ikipanda hata kwenye tambarare bila tela, hiyo ni rejeta, feni ile ya mafuta ndani imekufa, au hedi, sio difu. Moshi mweusi mwingi mpaka wanaokufuata wanafunga vioo, hizo ni nozeli au pampu, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi la Ruaha, anza na hicho ni rahisi. Harufu ya klachi. Mlio wa kuimba chini unaobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta. Oili kuvuja pale propela inapoingia kwenye difu. Na mkanda wa taimingi, 1HZ inatumia mkanda sio cheni, kama hujui ulibadilishwa lini na gari imeshapita laki moja tangu ununue, kabadili hata kesho.

Fundi wa kufunga difu umpime kwa swali moja, muulize anapimaje nafasi kati ya krauni na pinioni. Akikuonyesha saa ya kupimia ile ya mshale na rangi ya kupaka kwenye meno kuona yanagusana wapi, kaa naye. Akikwambia "mimi nasikia kwa mkono", mshukuru, ondoka. Nafasi yenyewe ni kama sehemu 15 za milimita moja iliyogawanywa mara 100, hakuna mkono unaosikia hiyo, na pinioni ikikaa ndani au nje kidogo tu kuliko inavyotakiwa difu itaimba mwezi mmoja halafu itanyamaza vibaya. Nunua beringi na oili sili mpya pamoja, usirudishe za zamani kuokoa elfu hamsini.

Ikishafungwa, tela unaliacha nyumbani kilomita 800 za mwanzo. Siku ya kwanza tembea kilomita 20 au 30 taratibu, simama mpaka difu ipoe uweze kuishika, rudia mara mbili tatu. Meno mapya yanapata joto sana yakiwa yanazoeana na ukiyapeleka Kitonga na tani 4.8 wiki hiyo hiyo yatabadilika rangi. Zikitimia 800 mwaga oili zote mbili, mbele na nyuma, utaona imekuwa kama ya fedha kwa unga wa chuma, usiogope huo unga. Vipande ndio vya kuogopa, hata kama ni kidogo kama ukucha, hapo mrudishie fundi kabla hujaweka oili mpya.

Hesabu hiyo propela wikiendi hii halafu niandikie namba uliyopata na uzito wa tela, nikurudie na hesabu yako yenyewe badala ya hii ya kukadiria.